Jina la Uhura na Lugha Yake: Kuutazama Upya Mchezo wa Star Trek

Mchezo wa televisheni uitwao Star Trek ulianza kuonyeshwa na shirika la NBC nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ukakomeshwa tarehe 3 Juni 1969 baada ya visa 79. Kwa hesabu ya waliougharimia, haukuwa na faida ya kutosha. Nusura ufungwe mwaka 1968, ukaokolewa na barua nyingi za watazamaji walioongozwa na Bibi Bjo Trimble na mumewe. Kwa hesabu ya mapenzi ya watu, ni michezo michache sana ya namna yake iliyodumu kama huo. Wako walioutazama wakiwa watoto, wakautazama wakiwa wazazi, na sasa wautazama pamoja na wajukuu. Mimi ni mmoja wa wapenzi hao, ijapokuwa nilichelewa kuupata. Na neno nitakalo kulisema juu yake halihusu vyombo vya angani. Lahusu Kiswahili.

Kwa ajili ya wasomaji wasioujua mchezo huo, yafaa kueleza kwa ufupi. Merikebu iitwayo Enterprise, chini ya nahodha wake Kirk, yasafiri baina ya nyota katika karne ya ishirini na tatu. Afisa wake wa mawasiliano ni mwanamke wa Kiafrika, Luteni Uhura. Ndiye asikilizaye sauti zote zitokazo nje, na ndiye afunguaye njia ya maneno baina ya nahodha na wageni. Aliigizwa na marehemu Bibi Nichelle Nichols, aliyezaliwa mwaka 1932 akafariki mwaka 2022.

Katika pwani hii ya Mtwara mchezo haukuweza kuonekana ulipokuwa mpya. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilitangulia kwa miaka ishirini hivi. Sisi wa Mpapura tuliupata kwa kanda za video, tena bila mpango: leo kisa cha pili, baada ya miezi mitatu kisa cha arobaini, na kanda yenyewe imekatika pale ilipoanza kunoga. Siku hizi visa vyote hukaa katika simu ya mkononi, na mtu aweza kuvirudia apendavyo. Kurudia huko si jambo geni kwa watu wa pwani. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, wala asikilizaye leo hangojei habari mpya. Aja kusikia kama msomaji atalitamka neno vile inavyopasa. Mtu aurudiapo mchezo aupendao baada ya miaka mingi, huona kwanza aibu ndogo ndogo: majabali yanayotikisika kwa kuguswa, taa zinazowaka bila kazi. Hayo husamehewa upesi. Kisha masikio huanza kuyasikia yaliyofichwa na macho.

Tuanze na jina. Bibi Nichols alisimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962, ambayo yahusu Kenya. Bwana Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mchezo, alilipenda neno lile. Ikaonekana tu kwamba lina ukali kwa jina la mwanamke, ndipo irabu ya mwisho ilipolainishwa ikawa a. Ikumbukwe kwamba Bwana Ruark alikuwa mwandishi wa Kimarekani na mwindaji. Neno letu halikufika huko kwa kinywa cha Mswahili.

Mara nyingi nimewasikia wapenzi wa Kiswahili wakiilalamikia irabu hiyo. Wasema kwamba huru ni neno lililotoka katika Kiarabu, likatiwa kiambishi u- kama tunavyosema utu, uzuri na ukweli. Ukiigusa irabu ya mwisho huna shina tena, kwa maana -hura si kitu. Wasema pia kwamba majina ya Kiswahili hayagawanywi kwa uke na uume, na kwamba Amani na Furaha hupewa wavulana na wasichana bila kubadilishwa herufi. Tena ukiliandika kwa maneno mawili, u huru, umekwisha kumwambia mtu kwamba yeye si mtumwa wa mtu; uzuri huo wote umepotea.

Hoja hizi ni za kweli, lakini hazinitii uchungu. Sisi tulipoichukua mesa ya Wareno tuliifanya meza, na Schule ya Wajerumani tukaifanya shule, wala hatukumwomba mtu ruhusa. Lugha ichukuayo neno hulivisha nguo zake yenyewe. Kiingereza kimezoea majina ya wanawake yaishiayo kwa a, nacho kimelifanyia neno letu kama tulivyoyafanyia maneno ya wengine. Kosa, kama liko, lisitafutwe katika irabu. Litafutwe katika kazi ambayo lugha ya mwenye jina hilo ilipewa.

Kabla ya kulitafuta, yafaa kukumbuka maana ya neno hilo katika nchi hii miaka ile ile. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa wangali wakitawala. Chama cha Frelimo, kilichoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, kilianza vita katika Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, na wakimbizi wakavuka mto kuja upande wetu. Msumbiji haikujitawala mpaka tarehe 25 Juni 1975. Basi, katika miaka yote ile ambayo Luteni Uhura aliketi mbele ya mitambo yake, uhuru hapa lilikuwa neno lililovuka mto pamoja na bunduki, neno lenye watu waliokufa ndani yake. Huko Marekani nako lilikuwa na uzito kwa watu weusi, na kwa sababu hiyo riwaya yenye jina hilo iliweza kuwa mkononi mwa mwigizaji kijana. Sisemi kwamba waliolichukua walikuwa wakicheza. Nasema walichukua neno zito, na kwa hiyo twaweza kuwauliza maswali mazito.

Kiswahili chenyewe chasikika katika mahali pawili. Pa kwanza ni katika kisa kilichotangulia kuonyeshwa kuliko vyote, The Man Trap. Kiumbe mmoja aishiye kwa chumvi ainyonya kutoka katika miili ya watu, naye ana uwezo wa kujigeuza, hata kila amwonaye humwona yule amtamaniye. (Laiti angalishukia kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani hii, mabaharia wale wasingalikufa.) Kwa Uhura ajigeuza mwanamume mweusi, kijana, naye amsemesha kwa Kiswahili. Matamshi ni ya watu waliokariri, si ya watu waliolelewa na lugha, na Mswahili hulazimika kusikiliza mara mbili. Walakini uso wa Uhura wafunguka, na kila aliyepata kukaa ugenini aujua mshangao ule wa kusikia lugha ya kwao mahali asipoitazamia. Waandishi waliona kwamba chambo kimpatacho mtu mpweke si sura peke yake, ila ni lugha. Wazo hilo ni la watu werevu. Hata hivyo ni chambo. Kiswahili cha kwanza kusemwa katika merikebu hiyo chasemwa na mwongo, ujiani, nje ya kazi.

Mahali pa pili ndipo penye uzito, nami nimeparudia mara nyingi kuliko kisa kingine chochote. Ni katika The Changeling, kilichoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967. Chombo chenye akili yake, kiitwacho Nomad, chamsikia Uhura akiimba. Hakielewi wimbo ni kitu gani, na katika kuuchunguza chafuta yote aliyojifunza. Mganga wa merikebu na muuguzi Chapel waanza kumfundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Twamwona akisoma sentensi nyepesi za Kiingereza, habari za mbwa na mpira. Afikapo penye neno gumu achukizwa, na chuki yake yatoka kwa Kiswahili. Muuguzi amwambia, kwa upole, aseme kwa Kiingereza.

Wapenzi wa mchezo wamelijadili jambo hili kama kasoro ya hadithi: ikiwa yote yamefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Mimi siioni kasoro. Mwandishi, kwa kujua au kwa kubahatisha, aliigusa kweli ambayo walimu wa lugha waijua, kwamba lugha ya kwanza ya mtu haikai katika chumba kimoja na masomo yake. Chombo kilifuta kilichofundishwa. Kilichonyonywa pamoja na maziwa hakikukiona. Kama kisa kingaliishia hapo, kingalikuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo Kiswahili kimepata kupewa na televisheni ya kigeni. Hakikuishia hapo. Kilichobaki ndani ya mwanamke yule, kitu pekee kisichoharibika, kilionwa kuwa kizuizi cha masomo.

Mwaka ni uo huo, 1967. Mwezi Januari Makamu wa Pili wa Rais, Bwana Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Sheria Namba 27 ya mwaka huo ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Wakati muuguzi alipokuwa akimtoa Uhura katika Kiswahili ili apate kurudi kazini, nchi hii ilikuwa ikikitoa Kiswahili barazani na sokoni ili kipate kuingia kazini. Safari mbili zilipishana njiani bila kuamkiana. Na hapo ndipo ninapoliona kosa la mchezo niupendao: mahali pote pawili Kiswahili ni lugha ya chumba cha ndani. Kwanza ni lugha ya tamaa, kisha ni lugha ya unyonge. Haikutokea hata mara moja Uhura akaitumia kwa kazi aliyoajiriwa, naye kazi yake ni lugha.

Ningalisema haya kwa ukali zaidi kama sisi wenyewe tungalifanya vinginevyo. Ziko shule za sekondari zenye kibao mlangoni kinachoagiza Kiingereza tu. Mwanafunzi ashindwaye na fizikia hueleza shida yake kwa Kiswahili, naye huambiwa, kwa upole au kwa fimbo, airudie kwa Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi zipo, ila darasa halikuzifungulia mlango. Nimewaona watu wazima hapa wakicheka wafikapo kwenye somo lile la mbwa na mpira. Hawamcheki Uhura. Wamekitambua chumba.

Linganisha na bahati ya lugha nyingine katika mchezo huo huo. Kiklingoni ni lugha ya maadui wa kubuniwa. Kilianza kwa maneno machache katika filamu ya mwaka 1979. Kisha mwanaisimu Bwana Marc Okrand akapewa kazi ya kukitungia sarufi na msamiati kwa filamu ya mwaka 1984, na mwaka 1985 akakitolea kamusi. Lugha ya watu wasiokuwako ikapata viambishi, mpangilio wa sentensi na kitabu. Kiswahili, ambacho Kamusi ya Bwana Johnson ilikuwa madukani tangu mwaka 1939, na ambacho wasemaji wake waweza kupatikana kwa simu, hakikupata hata mtu mmoja wa kumfundisha mwigizaji penye mkazo wa neno. Katika filamu ya mwaka 1991 jambo lageuka kuwa mzaha: Uhura, afisa wa mawasiliano wa miaka mingi, apekua vitabu kwa pupa ili apate kuwajibu Waklingoni, na Kiklingoni chake chavunjika mdomoni. Wapenzi wengi hawajasahau. Katika filamu iyo hiyo mkubwa mmoja wa Waklingoni adai kwamba Shakespeare hujulikana vema katika lugha yao, kama kwamba ndiyo iliyomzaa. Ni mzaha mzuri, lakini Mwalimu Nyerere alikwisha kumfanya Shakespeare aseme Kiswahili tangu mwaka 1963, kwa tafsiri yake ya Julius Caesar, wala hapakuwa na mzaha ndani yake.

Uko mfano mwingine, wa filamu za Star Wars, ambazo ni washindani wa mchezo wetu. Katika filamu ya mwaka 1983 kiumbe aitwaye Nien Nunb aliazimwa sauti na kijana wa Kenya, Kipsang Rotich, naye alisema Kikuyu. Watu wa Nairobi walipoisikia walielewa alichosema kiumbe kile. Huko palikuwa na lugha ya Afrika Mashariki bila jina lake. Kwa Uhura pana jina bila lugha. Nikilazimishwa kuchagua, sijui kama ningalichagua jina.

Wapenzi wa tangu zamani watanijibu kwamba nadai kidogo penye kikubwa. Watasema: mwaka 1966 mwanamke mweusi aliketi katika chumba cha uongozi wa merikebu, amevaa cheo, wala si mtumishi wa jikoni. Watakumbusha kwamba Bibi Nichols alipotaka kuacha baada ya mwaka wa kwanza, Dokta Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Na kwamba Dokta Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, Septemba 1992, ametaja wazi deni lake kwa Uhura. Nakubali yote. Lakini tuangalie kwa nini alitaka kuacha: moja ya sababu zake ni kwamba maneno yake yalikuwa yakikatwa, siku hata siku, mpaka akabaki kutangaza kwamba njia ya mawasiliano imefunguliwa. Heshima tunayoikumbuka aliijenga yeye kwa uso, kwa mkao na kwa sauti, ndani ya nafasi ndogo aliyoachiwa. Asifiwe mwigizaji, na waandishi waendelee kuulizwa.

Waliokuja baadaye walisikia swali hilo. Jina la kwanza la Uhura halikutajwa katika mchezo wa zamani. William Rotsler, katika kitabu cha mwaka 1982, ndiye aliyempa jina la Nyota, wapenzi wakalishika, na filamu ya mwaka 2009 ikalithibitisha. Waliolichagua walifikiri juu ya mbingu. Sisi twasikia zaidi, maana mtu mwenye nyota hapa ni mtu anayependwa na kufanikiwa, na wako waganga wanaopokea fedha ili kumsafishia mtu nyota yake. Jina limezidi mawazo ya waliolitoa, nayo ni bahati. Katika mchezo mpya ulioanza mwaka 2022, Strange New Worlds, Uhura kijana, aliyeigizwa na Celia Rose Gooding, asema alikulia Kenya, penye lugha nyingi, akajifunza nyingi kwa kuwa alitaka kusema na watu kwa maneno yao wenyewe; ajua lugha 37. Hapo, baada ya miaka 56, ujuzi wa lugha za Afrika wakuwa ndio mzizi wa kazi yake. Nilifurahi. Ila hata huko sehemu kubwa ya ujuzi huo twaambiwa, hatusikilizishwi.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wafasiri. Nchini mwetu wako watu wazisimuliao filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Bwana Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Naona Star Trek ingewafaa sana. Wengi hudhani kwamba ingeshindikana kwa uhaba wa istilahi, nami naona kinyume chake, kwa sababu mchezo huu ni habari za merikebu, na lugha ya merikebu tunayo. Nahodha, serahangi, usukani, kutia nanga, kung'oa nanga: mzee wa Mikindani au wa Msimbati angeifuata safari ya Kirk bila kamusi. Rubani, aliyekuwa mwongoza vyombo mlangoni mwa bandari, amekwisha kupanda ndege bila kubadili jina. Hatashindwa kupanda chombo cha nyota.

Ugumu ungekuja katika kisa kile cha mwaka 1967. Mfasiri akiwaswahilisha mabaharia wote, Kirk na muuguzi Chapel wakisema Kiswahili tangu mwanzo, Uhura aliyepotewa na kumbukumbu atarudi katika lugha gani? Akiachwa na Kiswahili chake, hakuna kilichotokea, na onyo la muuguzi halina maana. Nimewauliza wenzangu wa hapa Mpapura, watu ambao wengi wao walianza darasa la kwanza wakiwa na Kimakonde peke yake vinywani. Hawakufikiri hata kidogo. Walisema Uhura atasema Kimakonde, na muuguzi atamwambia, kwa upole, aseme Kiswahili.